Alama za Kioo na Alama za Nchi

Mtu atazamaye dunia kwa dirisha la ndege hupewa fadhila mbili kwa wakati mmoja, naye hulipa thamani yake bila ya kuambiwa: hupewa upana wa nchi ambao wazee wetu waliosafiri kwa majahazi na kwa miguu hawakuuona kamwe, na hupewa raha ya kuutazama upana huo hali ameketi, lakini baina ya jicho lake na nchi pamewekwa kioo, na kioo hicho kina mambo yake, mikwaruzo yake, unyevu wake na rangi zake, ambayo huchanganyika na mambo ya nchi hata asiyezoea akadhani yote ni mamoja. Kwa miaka kadhaa sasa, nirejeapo nyumbani Auburn baada ya kazi ya riziki, shughuli yangu ya wasaa imekuwa kuzichukua picha nilizozipiga kwa simu katika madirisha hayo na kuzichora upya kwa kalamu ya kielektroniki juu ya kishikwambi, hata zionekane kana kwamba zimetoka katika rangi na turubai. Na katika shughuli hiyo nimejifunza kwamba ustadi wenyewe, kabla ya brashi na kabla ya rangi, ni kuijua alama ipi ni ya kioo na alama ipi ni ya nchi.

Auburn ni kitongoji kilicho upande wa magharibi wa Sydney, mahali ambapo mtu akishuka treni hupokewa na harufu ya mikate ya Kiafghani, nyama ya kuchoma ya Waturuki na maduka ya mboga ya Wachina, na ambapo minara miwili ya msikiti wa Gallipoli, uliojengwa na Waturuki kwa mtindo wa Kiothmani na kufunguliwa mwaka 1999 mahali pa msikiti wao wa kwanza wa mwaka 1979, husimama juu ya mapaa ya vigae vyekundu. Ipo pia bustani kubwa ambamo tausi hutembea pasipo hofu, na watu humiminika mwezi wa Agosti kutazama maua ya micheri ya Kijapani. Na ndani yake mna jumba dogo la maonyesho ya sanaa, Peacock Gallery, lililopewa jina la ndege hao. Sisi tuliotoka mwambao wa Afrika Mashariki si wengi hapo, nasi tunajuana. Lakini jambo moja tunashirikiana na jirani zetu wa kila lugha: aghalabu ya watu wazima unaopishana nao barabarani walipata siku moja kuketi penye dirisha la ndege, wakaitazama nchi yao ikididimia chini ya bawa, wengine wakijua kwamba watarejea na wengine wakijua kwamba hawatarejea. Kwa hiyo picha ya dirishani, ambayo mahali pengine ni pambo la mtalii, Auburn hutazamwa kwa makini ya watu wasomao waraka.

Yafaa kukijua kwanza chombo chenyewe. Dirisha la ndege ya abiria aghalabu lina tabaka tatu: ya nje, ambayo ni nene na ndiyo ihimiliyo mgandamizo wa hewa ya ndani; ya kati, iliyowekwa kwa tahadhari, yenye kitundu kidogo upande wa chini ili hewa isawazike na ukungu usitande; na ya ndani, nyembamba, ambayo abiria huiegemezea paji la uso na watoto huipaka vidole. Ingawa twaita kioo, ni plastiki ngumu, na plastiki hukwaruzika upesi. Pembe za dirisha zimeviringwa kwa fundisho la msiba, kwa maana mwaka 1954 ndege mbili za Comet, zilizoundwa na kampuni ya de Havilland ya Uingereza, zilipasuka angani, na uchunguzi ukadhihirisha kwamba bati la mwili wake lilikuwa limechoka na kuanza kuatuka penye pembe za matundu yaliyokatwa humo. Ndege ikiwa juu kadiri ya kilomita kumi au kumi na moja, ambako baridi ya nje hufika digrii hamsini chini ya sifuri, punje za barafu huota kukizunguka kile kitundu. Na mpiga picha avaaye miwani ya kuzuia mng'aro wa jua, au aiwekeaye kamera yake kioo cha namna hiyo, huona mistari ya rangi za upinde wa mvua ikipita juu ya milima, rangi ambazo hazimo milimani wala mawinguni bali katika plastiki iliyokazwa.

Zaidi ya hayo kuna hewa yenyewe. Hewa huutawanya mwanga wa buluu kuliko mwanga mwekundu, jambo alilolieleza kwa hesabu Lord Rayleigh mwaka 1871, na ambalo Leonardo da Vinci alikuwa amekwisha kuwausia wachoraji kwa jicho tu, alipowafundisha kuipaka buluu milima iliyo mbali. Buluu hiyo si ya kioo wala si ya nchi, bali ni ya umbali, nayo humtia mchoraji katika mashaka makubwa kuliko mkwaruzo wowote. Maana akiiondoa yote nchi huonekana kama ramani iliyobandikwa ukutani, na akiiacha yote nchi hugeuka moshi.

Katika kupiga picha hizi nimeshika kanuni chache ambazo zimenifaa. Huomba kiti kilicho mbali na bawa, upande usioelekea jua. Hupendelea saa moja baada ya macheo au saa moja kabla ya machweo, wakati vivuli ni virefu na kila tuta na kila bonde hujidhihirisha. Na huchukua kikoi cheusi nikajitanda nacho kichwani hadi ukingoni mwa dirisha, ili taa za ndani na sura yangu mwenyewe visirudi katika kioo. Abiria wa jirani hunitazama kwa dhana mbaya mwanzoni, kisha aghalabu huuliza ninaona nini, na nikimpisha atazame huchelewa kunirudishia kikoi changu.

Niieleze picha moja kwa urefu, kwa kuwa ndani yake limo fundisho lote. Ndege ya alfajiri iendayo Ghuba hutoka Sydney na kulikata bara la Australia kuelekea kaskazini-magharibi, na baada ya kitambo cha saa mbili hivi mashamba hukoma, nchi ikawa nyekundu. Huko liko ziwa la chumvi liitwalo Kati Thanda kwa lugha ya Waarabana, na Lake Eyre kwa Kiingereza, ambalo sehemu yake ya chini kabisa iko kadiri ya mita 15 chini ya usawa wa bahari; miaka mingi huwa kavu, jeupe, pengine na wekundu hafifu wa vijidudu vya maji ya chumvi, na mara chache hujaa kama lilivyojaa mwaka 1974. Kaskazini yake huanza jangwa la Simpson, ambalo matuta yake ya mchanga yamelala sambamba, tuta baada ya tuta, mengine kwa urefu wa kilomita nyingi kupita upeo wa macho. Nilipiga picha kadhaa kwa kufuatana. Jioni moja Auburn, nilipoikuza mojawapo juu ya kishikwambi, niliona mstari mwembamba mno, mweupe, ulionyooka, ukiyakata matuta kwa mshazari. Nikajiuliza iwapo ni mkwaruzo wa dirisha au ni kitu kilichomo jangwani.

Jawabu la swali hilo halimo katika picha moja, hata ikuzwe mara mia. Limo katika picha mbili. Nikaiweka juu yake picha iliyopigwa sekunde chache baadaye, nikaifanya nusu wazi ili zote mbili zionekane pamoja, nikalinganisha: vijidoa vitatu vya ukingoni vilibaki pale pale, kwa kuwa vilikuwa mali ya dirisha na vilisafiri nami, ule mstari ulisogea pamoja na matuta, kwa kuwa ulikuwa mali ya nchi na nchi ilikuwa ikiniacha. Nikavifuta vijidoa, nikaubakiza mstari. Baadaye nilisoma kwamba katika jangwa hilo zimo njia zilizonyooka, zilizokatwa kwa matingatinga na watafutaji wa mafuta katika miaka ya 1960, zikipanda na kushuka matuta bila ya kujali mkao wake.

Mchoro ulipokwisha niliupeleka kwa mzee mmoja Mwafghani ninunuaye mkate kwake, mtu asiyependa maneno mengi. Alifuta unga mikononi, akaushika mchoro kwa ncha za vidole, akautazama mpaka mteja aliyefuata akakohoa. Kisha akasema, "Ndugu yangu, jamaa zetu walipita huku na ngamia." Akanieleza niliyoyathibitisha katika vitabu, kwamba mwaka 1860 ngamia waliletwa Melbourne kutoka Karachi pamoja na wachungaji wao kwa ajili ya msafara wa wavumbuzi Burke na Wills, na kwamba katika miongo iliyofuata waliletwa wengine wengi, watu wa Afghanistan, Punjab na Baluchistan, wakabeba sufu, vyakula na vifaa vya reli katika nchi ambayo farasi hawakuiweza, na huko Marree, kusini ya ziwa lile, wakajenga msikiti mdogo wa udongo. Niliposikia Baluchistan nilicheka kwa furaha, maana Mabulushi sisi wa pwani twawajua tangu enzi za Seyyid Said, walipokuwa askari wake Unguja na Mombasa. Hivyo jangwa nililolidhania geni kabisa likawa na jamaa wa jirani yangu ndani yake, na kwa mbali jamaa wa mtaa niliozaliwa.

Kama ningaliikabidhi picha ile kwa mashine peke yake, mazungumzo hayo pengine yasingalipata pa kuanzia. Zipo filta nyingi zigeuzazo picha ya kamera kuwa mfano wa picha ya rangi, na mojawapo ya zile za kale ni ya mtaalamu wa Japani, Kuwahara, iliyotungwa na yeye na wenzake mwaka 1976 kwa ajili ya picha za moyo za hospitali. Kazi yake ni rahisi kueleza: kwa kila nukta ya picha, mashine hutazama miraba minne iliyoizunguka, ikauchagua mraba ambao rangi zake zinatofautiana kidogo kuliko mingine, ikachukua wastani wa mraba huo na kuipa ile nukta. Matokeo yake ni mazuri kwa kiasi chake, kwa kuwa vurugu hutulia, kingo kubwa hubaki, na picha hupata mabaka mapana kama yaliyopakwa kwa brashi. Lakini mashine ipendayo utulivu hukimeza kila kilicho chembamba, mkwaruzo na barabara kwa pamoja. Mwaka 2015 watafiti watatu wa Tübingen, Ujerumani, walikwenda mbali zaidi, wakaonyesha picha ya mto na nyumba za mji wao ikiwa imevikwa mtindo wa Van Gogh, na haikupita muda ufundi huo ukaingia katika simu za watu wote. Mimi siudharau, huutumia kwa mbingu na kwa mawingu, ambako hakuna barabara ya kupoteza. Lakini hukumu ya kipi kibaki na kipi kiondoke siipeleki huko, kwa sababu mashine haina picha ya pili ya kulinganisha, wala haina mwoka mikate wa kumuuliza.

Kazi ya mkono huenda pole. Wengine hapa hutumia Procreate, programu iliyotoka mwaka 2011 kwa mafundi wa Hobart, Tasmania. Wengine hutumia Krita, isiyolipiwa kitu, nayo ndiyo ninayowausia vijana wa nyumbani. Picha ya kamera huwekwa chini, na juu yake tabaka tupu. Huanza na brashi pana na rangi chache, nikijinyima nyingine, kwa desturi niliyoipata utotoni kwa kutazama kazi za wafuasi wa Edward Saidi Tingatinga, ambaye alianza mwaka 1968 Dar es Salaam kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao za kuundwa, na kwa rangi chache akafanya mengi. Katika picha ya jangwa, nilipogusa kwa kalamu mchanga wa mbali ili nijue rangi yake halisi, mchanga ambao macho yangu yalikuwa yakiapa kuwa ni mwekundu, rangi iliyotokea ilikuwa kijivu chenye kuelekea zambarau. Wekundu nilikuwa nao mimi, nimeuchukua kutoka matuta ya karibu na kuukopesha ya mbali. Basi nikauacha wekundu karibu, nikaiachia zambarau masafa yake, na mchoro ukapata kina.

Waliotutangulia katika njia hii walifanya vivyo hivyo kwa vyombo vingine. Georgia O'Keeffe, mchoraji wa Marekani, alipokuwa na umri wa miaka 77 katika mwaka 1965, alichora mawingu aliyoyaona katika safari zake za ndege juu ya turubai lenye upana wa zaidi ya mita saba, ambalo sasa liko Chicago. Hakulitia dirisha wala bawa, bali mabamba meupe yapunguayo hadi mstari wa upeo. Na hapa Australia, wazee wa jangwa la magharibi walioanza kuchora kwa rangi za dukani huko Papunya mwaka 1971 walizionyesha nchi zao kana kwamba wamezitazama kutoka juu, ilhali elimu yao ilitoka katika nyayo, nyimbo na amana za wahenga wao. Mimi nimejikataza kuziiga nukta wazichorazo, ingawa ipo filta ya kila kitu, kwa sababu alama hizo zina wenyewe. Nimechukua kwao adabu tu, ya kwamba aichoraye nchi kutoka juu anapaswa kuwa ameijua kutoka chini, au angalau awe amewauliza waliotembea juu yake.

Adabu hiyo ilijaribiwa kwa picha ya kwetu. Nilikuwa nimepiga picha ndege ikishuka Unguja, Mji Mkongwe ukiwa upande mmoja na Ng'ambo upande wa pili, mapaa ya mabati yenye kutu, na katikati yake yale majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, yakikutana penye mzunguko wa barabara na kufanya umbo la njia panda. Nikaupeleka mchoro kwa bibi mmoja wa kwetu akaaye mtaa wa pili, aliyeondoka Ng'ambo akiwa kijana kabla ya majumba hayo. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akavaa miwani, akatazama kwa kitambo. Kisha akasema, "Hebu niondolee haya majumba. Kwetu hakukuwa hivi." Nikamwambia kwa upole kwamba majumba yapo, na watu wamezaliwa na kuzeeka ndani yake. Hakukasirika. Alikitua kidole juu ya pembe moja ya paa, akasema, "Basi hapa. Hapa hasa palikuwa na mwembe wa sikio la punda, na kisima nyuma yake. Watoto tukingoja upepo."

Nilikwenda nyumbani na tatizo lisilotatuliwa kwa kulinganisha picha mbili. Mwembe haukuwamo katika picha yoyote. Kwa sheria yangu ya jangwani ulikuwa alama ya kioo, kwa kuwa ulikaa pale pale katika macho ya bibi huku nchi ikisogea. Lakini alijua mahali pake kwa uhakika ambao sikuwa nao mimi niliyepita juu kwa mwendo wa ndege. Basi nilifanya michoro miwili. Wa kwanza una majumba, mabati na kutu, na nyuma yake nimeandika tarehe na neno "dirishani". Wa pili hauna majumba. Una makuti, mwembe na kisima, na nyuma yake nimeandika kwamba ni kwa masimulizi ya bibi fulani wa Ng'ambo. Yeye ameitundika yote miwili sebuleni, mmoja kando ya mwingine, na wajukuu zake, waliozaliwa hapa, huuliza juu ya wote wawili.

Kutokana na hayo naona kwamba sisi tukaao mbali na makwetu tuna dirisha letu daima, hata tukiwa hatumo ndegeni. Tuisimuliapo nchi yetu, pengine husema juu ya mikwaruzo yetu: hasira ya siku tuliyoondoka, kiburi cha kuwa tumeondoka, huzuni ya wale tuliowaacha, na hayo, yasipojulikana kwa majina yake, huchukuliwa na wasikilizaji kuwa ndiyo nchi yenyewe. Tena tunayo ile buluu ya umbali, ambayo hukipamba kila kitu na ambayo hatuwezi kuiondoa yote bila ya kuua kina cha mapenzi yetu. Dawa si kuyafuta yote kwa filta moja, wala si kuyaacha yote. Dawa ni kupata picha ya pili: kupiga simu nyumbani na kuuliza, kurejea na kutembea kwa miguu, kumsikiliza aliyebaki na kumsikiliza aliyeondoka kabla yetu, lisogealo pamoja na nchi tuliweke, lisimamalo nasi tulitaje kuwa ni letu. Watoto wa Auburn watapanda ndege siku moja, wataketi penye dirisha, na watayaona majumba ya Michenzani kwa macho yao. Mzee aliyewaeleza habari ya majumba na habari ya mwembe, kila moja kwa jina lake, hatakuwa na haja ya kujitetea mbele yao, nao watakuwa na la kumwongezea.